Kiti kimoja, wanafunzi wawili: uchambuzi wa kisa cha kugawana ajira

Tuchukue dawati la mapokezi la kliniki ya macho. Nafasi ni moja, mratibu wa miadi, saa 40 kwa wiki: Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Aliyekuwa ameishika ameacha kazi. Kati ya walioomba, wawili waliomridhisha msimamizi zaidi ni wanafunzi wa chuo: kijana anayesomea uhasibu na dada aliyemzidi umri anayesomea ualimu. Tuwaite kwa masomo yao, Mhasibu na Mwalimu. Hakuna kati yao aliyeweza kuichukua kazi yote, basi wakaomba waajiriwe wote wawili katika nafasi hiyo moja.

Msimamizi alitaka kwanza kujua kwa nini kila mmoja asijikaze tu. Swali hilo huulizwa mara nyingi, na jibu lake ni hesabu. Katika mfumo wa vyuo vya Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya kutwa una krediti 60, na kila krediti inakadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 1,500 hadi 1,800. Zigawanye kwa wiki 40, unapata saa 37 na nusu hadi 45 kwa wiki; tuchukue 42. Juu yake weka ajira ya saa 40. Wiki nzima ina saa 168, usingizi wa saa 8 kila usiku unachukua 56, na kinachobaki baada ya masomo na kazi ni saa 30 kwa siku saba: saa 4 na robo kwa siku za kusafiri, kupika, kufua, kulea na kuugua. Wapo wanaoiweza hali hiyo kwa muhula mmoja. Wanaoiweza kwa miaka mitatu bila kuacha ama masomo ama kazi ni wachache sana, na wanaoacha hawaachi kwa uvivu.

Msimamizi akakubali kujaribu. Alikuwa na wasiwasi kwamba kazi yenye dhamana haigawiki, na wasiwasi huo una majibu makubwa kuliko dawati la miadi. Mwaka 2008 Uingereza ilipeleka Zambia mume na mke, Tom Carter na Carolyn Davidson, wakishika kiti kimoja cha Balozi Mkuu kwa kupokezana. Ikiwa serikali inaweza kuwakilishwa na watu wawili wanaopeana zamu, miadi ya macho inaweza pia. Kinachotakiwa ni kujua kazi inagawanywaje, na hapo ndipo hawa wawili walipoanza vibaya.

Mpango wao wa kwanza ulikuwa rahisi kuuandika. Mhasibu angeingia asubuhi, saa mbili hadi saa sita. Mwalimu angeingia mchana, saa sita hadi saa kumi. Kila mmoja saa 20, kila siku, hakuna aliyepunjwa. Wengi wanaofikiria kugawana kazi huanza na mpango huu kwa sababu kwenye karatasi unaonekana wa haki kabisa.

Kwa mwanafunzi, naona ni mpango mbovu. Kila mmoja analipa nauli ya siku tano kwa mshahara wa siku mbili na nusu. Kila siku ya masomo inakatwa katikati, na vipindi vya chuo havijui kwamba wewe uko huru mchana tu. Kubwa kuliko hayo ni hali ya akili yenyewe. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza jambo ambalo kila aliyewahi kutoka kazini moja kwa moja hadi darasani analifahamu: ukiacha shughuli moja na kuingia nyingine, sehemu ya umakini wako hubaki kule ulikotoka, hasa kama uliiacha haijakamilika. Dawati la miadi halikamiliki kamwe. Mhasibu alikuwa anaondoka saa sita akiwa na wagonjwa watatu waliosubiri simu yake, anaingia kwenye somo la kodi saa saba, na nusu ya kichwa imebaki kliniki. Kuhama huku kulimtokea mara tano kwa wiki. Ukigawa wiki badala ya siku, kunatokea mara moja.

Ndipo wakaandika mpango wa pili. Mhasibu anafanya Jumatatu na Jumanne kutwa, na Jumatano saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Mwalimu anaingia Jumatano saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha Alhamisi na Ijumaa kutwa. Kila mmoja ana saa 21. Jumatano, saa tano hadi saa saba, wote wawili wapo.

Saa hizo mbili zilizua ubishi kuliko kitu kingine chochote. Afisa utumishi alisema nafasi imetengewa saa 40 na hawezi kulipia 42. Akapendekeza waonane kwa hiari yao baada ya zamu, au waandikiane ujumbe wa simu. Nasema bila kusita kwamba alikosea, na kosa lake ndilo linalovunja jozi nyingi. Makabidhiano ni kazi. Mratibu mmoja wa kutwa naye ana makabidhiano, ila anayafanya kichwani mwake akiwa njiani kurudi nyumbani, hivyo hayaonekani. Ukiweka watu wawili, gharama ile ile inajitokeza nje na inaweza kuhesabiwa: saa 2 juu ya 40, yaani asilimia 5 ya mshahara. Kwa asilimia 5 hiyo mwajiri anapata watu wawili wanaoijua kazi. Akiugua mmoja, dawati halifungwi. Afisa yule hakuiweka faida hiyo kwenye hesabu yake.

Wakamaliza kwa maafikiano mabaya: saa mbili ziliruhusiwa, lakini wakati huo huo wote wawili wahudumie wagonjwa "kama kuna msongamano". Na Jumatano kwenye kliniki ya macho msongamano upo siku zote.

Matokeo yalionekana mapema. Jumatatu moja mama mmoja aliomba tarehe ya upasuaji wa mtoto wa jicho isogezwe mbele, kwa kuwa binti yake aliyetarajiwa kumuuguza angekuwa safarini. Mhasibu akamwahidi kwamba daktari atajibu kufikia Alhamisi. Alituma ombi kwa daktari, akakusudia kumwambia mwenzake Jumatano. Jumatano foleni ilifika mlangoni, wote wawili wakawa wanahudumia, saa saba Mhasibu akawahi darasani. Ijumaa mama yule akaja mwenyewe.

"Mwanangu, mwenzio Jumatatu aliniambia majibu yatapatikana Alhamisi. Nimekaa na simu mkononi kutwa nzima."

"Mama, naomba uniwie radhi. Hakuna mahali nilipoandikiwa jambo hilo. Nipe dakika nimtafute."

Mwalimu akampigia Mhasibu, aliyekuwa katikati ya jaribio la darasani na simu imezimwa. Akaenda kwa daktari, akakuta ombi liko mezani, halijasomwa. Tarehe ilisogezwa hatimaye, lakini mama yule alikuwa ameshapitia siku nzima ya hofu. Msimamizi akatamka maneno ambayo kila jozi huyasikia mapema au baadaye: "Hiki ndicho nilichokihofia. Mkiwa wawili, mwenye jambo hajulikani."

Je, ni kweli? Hapa kuna aina mbili za mpango zinazochanganywa kila siku. Upo mpango wa kuigawa kazi: wewe shika wagonjwa wapya, mimi nishike wa upasuaji, kila mtu na lake. Na upo mpango wa kuishika kazi kwa pamoja: kila jambo lililoingia ni letu sote, aliyepo ndiye anayelijibia. Mkataba wa hawa wawili ulisema "watagawana majukumu" na ukaishia hapo. Mhasibu aliamini kwamba ombi la mama yule ni lake, atalifuatilia Jumatatu. Mwalimu aliamini vivyo hivyo, kwamba kisichoandikwa si chake. Kila mmoja alikuwa mwaminifu kwa mpango wake, na mgonjwa akaangukia katikati. Dawati la miadi, ambapo mgonjwa yule yule anaweza kupiga simu Jumanne na kuja Alhamisi, haliwezi kuendeshwa kwa mpango wa kuigawa kazi. Lazima liwe la pamoja, na neno hilo liandikwe.

Likishakuwa la pamoja, kumbukumbu haiwezi kukaa kichwani mwa mtu. Katika jambo hili watu wa hospitali wametutangulia, kwa sababu kwao makabidhiano mabaya hugharimu uhai. Mwaka 2014 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 9 za watoto, ukihusisha waliolazwa 10,740. Madaktari walio mafunzoni walifundishwa kukabidhiana wagonjwa kwa utaratibu mmoja unaoitwa I-PASS. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Utaratibu wenyewe hauna ajabu: taja hali ni nzito kiasi gani, eleza kwa ufupi kilichotokea, orodhesha ya kufanywa, sema nini kinaweza kuharibika na kikiharibika kifanywe nini, kisha anayepokea arudie kwa maneno yake alichokielewa.

Hatua ya mwisho ndiyo ambayo watu huiruka, na mimi naithamini kuliko zote. Anayekabidhi daima hudhani ameeleweka. Mwalimu alipoanza kumrudishia Mhasibu kila jambo kwa sauti, waligundua kwamba "atapigiwa" kwa mmoja ilimaanisha kliniki itampigia mgonjwa, na kwa mwingine ilimaanisha tayari daktari amepanga kupiga mwenyewe.

Daftari lao la makabidhiano wakaliongezea safu moja ambayo haipo kwenye utaratibu wa hospitali: ahadi. Aliyeahidiwa nani, ameahidiwa nini, kufikia lini. Ahadi ikitamkwa mdomoni inaandikwa kabla mgonjwa hajaondoka dirishani, siyo mwisho wa zamu. Nadhani kama kuna kitu kimoja cha kuiga katika kisa hiki chote, ni safu hiyo. Mgonjwa hajali amezungumza na nani. Anajali kwamba kliniki ilimwambia Alhamisi. Na saa tano hadi saa saba ya Jumatano ikapangwa rasmi: msimamizi mwenyewe anakaa dirishani kwa nusu saa ya kwanza huku wawili hao wakipitia daftari chumba cha nyuma. Nusu saa ilitosha. Saa moja na nusu iliyobaki ikawa ya kuhudumia pamoja, kwenye siku yenye foleni ndefu kuliko zote.

Likabaki suala la simu siku ya mapumziko. Mwalimu alipiga Ijumaa ile kwa haki. Lakini wiki zilizotangulia alikuwa ameshapiga kuuliza faili liko wapi, neno la siri la kompyuta ni lipi, karatasi za printa zimewekwa kabati gani. Kwa mtu aliyeajiriwa nusu muda ili asome, kila simu kama hiyo inamrudisha kazini bila malipo, na yale mabaki ya umakini yanaanza upya. Wakakubaliana: kupiga simu ni kwa jambo ambalo likisubiri makabidhiano litamuumiza mgonjwa. Mengine yote yanaandikwa. Mhasibu alimwambia mwenzake waziwazi, "Dada, siku zangu za kusoma ndizo sababu ya mimi kukubali nusu mshahara." Ilibidi isemwe.

Kwenye malipo na likizo sitakaa sana, isipokuwa pale penye mtego. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 175 wa mwaka 1994, unaohusu kazi za muda usio kamili, unataka mfanyakazi wa aina hii asilipwe kwa saa chini ya mwenzake wa kutwa kwa sababu tu ya kufanya saa chache, na apate haki zinazolingana katika uzazi, likizo ya mwaka, sikukuu, ugonjwa na kuachishwa kazi. Nchi zilizouridhia ni chache, lakini kama msingi wa kujadiliana na mwajiri ni mzuri. Ibara yake ya 8 inaruhusu nchi kuwaacha nje ya baadhi ya mafao ya hifadhi ya jamii wale ambao saa zao au kipato chao kiko chini ya kiwango fulani. Kabla ya kusaini, kila mmoja aulize kiwango hicho kwao ni kipi. Saa 18 na saa 21 zinaweza kutofautiana kwa uzito kuliko zinavyoonekana.

Mtego wa pili ni sikukuu. Chukua mwaka wenye sikukuu 10: sita ziangukie Jumatatu au Jumanne, moja Jumatano, tatu Alhamisi au Ijumaa. Mhasibu amepumzika kwa malipo saa 53, Mwalimu saa 29. Hakuna aliyefanya hila, ni kalenda. Dawa ni kuhesabu likizo na sikukuu kwa saa, kuzijumlisha (hapa ni 82) na kugawa kwa nusu, 41 kwa 41. Mhasibu anadaiwa saa 12, Mwalimu anaongezewa 12. Ukihesabu kwa siku badala ya saa, Jumatano ya nusu itakuvuruga kila mara.

Sasa tufike kwenye jambo lililokaribia kuwavunja kabisa: mitihani na mafunzo kwa vitendo.

Watu huchagua mwenza wa kugawana kazi kwa urafiki, mara nyingi kutoka darasa moja. Naelewa kwa nini, lakini wanafunzi wa darasa moja wana mitihani wiki moja. Kila wanapoelemewa, wanaelemewa pamoja, na hakuna wa kumshikia mwenzake. Hawa wawili walikuwa na bahati ya kutofautiana. Mitihani ya Mhasibu ilichukua wiki mbili ambazo Mwalimu hakuwa na mtihani wowote. Mwalimu akashika dawati kutwa, saa 40, akiongeza saa 19 kwa wiki juu ya zake. Kwa wiki mbili, saa 38. Wakaziandika kama deni.

Kisha ikaja zamu ya Mwalimu: wiki sita za mafunzo ya kufundisha shuleni, kila siku, asubuhi hadi alasiri. Kwa hesabu ile ile Mhasibu alitakiwa kuongeza saa 19 kwa wiki sita, yaani 114. Toa 38 alizokuwa anadaiwa, zinabaki 76 ambazo Mwalimu angekuwa anadaiwa yeye. Mhasibu alikuwa tayari kukubali. Aliona ni deni la heshima, dada wa watu alimsaidia wakati wa mitihani.

Angekubali, angekuwa amerudi kule kule walikokimbia wote wawili: saa 40 za kazi na saa 42 za masomo, wiki sita mfululizo. Kusaidiana kwa wiki mbili ni jambo la watu wazima. Wiki sita ni kumhamishia mwenzako mzigo ambao nafasi hii iliundwa kuuondoa. Aliyeligundua ni Mwalimu mwenyewe. "Mdogo wangu, sitaki ufeli kwa ajili yangu. Hili ni la ofisi." Akaenda kwa msimamizi na ratiba ya chuo mkononi, miezi minne kabla.

Na kweli lilikuwa la ofisi. Mafunzo kwa vitendo hayazuki. Chuo huyatangaza mapema. Mwajiri aliyekubali kuajiri wanafunzi amekubali pia ratiba yao, na mtu wa muda kwa nusu nafasi kwa wiki sita si gharama mpya, kwa kuwa Mwalimu katika wiki hizo hakulipwa. Mhasibu aliongeza saa chache za Jumatano tu ili kumwelekeza mgeni na kumpokea. Saa zile 38 alizirudisha baadaye, kidogo kidogo, Mwalimu alipokuwa akiandika ripoti ya mafunzo. Kisha wakajiwekea kikomo: deni la saa kati yao lisizidi 40, na lifutwe ndani ya muhula mmoja. Zaidi ya hapo ni kazi ya mwajiri kutafuta mtu.

Niongeze onyo kwa wanaosoma ugenini, kwa sababu kwao kushikiana zamu kunaweza kuwa kosa la kisheria. Uingereza, mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani kikomo cha kazi za ndani ya chuo ni saa 20 vilevile. Australia tangu Julai 2023 ni saa 48 kwa wiki mbili. Mpango wa saa 21, ulio mzuri hapa, ungewavunjia sheria katika nchi mbili za kwanza, na wiki moja ya kumshikia mwenzako saa 40 inaweza kukupotezea viza. Mwenye kikomo kama hicho amwambie mwenzake siku ya kwanza. Inaweza kufaa wagawane 18 kwa 24, na mshahara ufuate saa.

Tathmini ya mwaka ilizua neno dogo tu. Msimamizi alitaka kuwapa alama moja. Wakakataa, kwa haki. Malengo ya dawati ni ya wote, lakini namna ya kuhudumia, kuandika na kuwahi ni ya kila mtu. Fomu mbili, mazungumzo mawili.

Lililobaki wazi ni mwisho wake. Mwalimu anamaliza chuo mwaka mmoja kabla ya Mhasibu na atakwenda kufundisha. Rasimu ya kwanza ya mkataba ilisema mmoja akiondoka, "nafasi itaangaliwa upya", maneno ambayo yangemwezesha mwajiri kumlazimisha Mhasibu achukue saa 40 au aondoke, katika mwaka wake wa mwisho, wenye mtihani mkubwa kuliko yote. Walichoomba badala yake ni sentensi tatu: anayebaki apewe kwanza nafasi ya kuchukua kazi yote akitaka, asipotaka, mwajiri atangaze nusu iliyo wazi na ampe wiki nane za kupata mwenza, huku anayebaki akishiriki kwenye usaili, na kwa wiki hizo nane saa zake zisibadilishwe bila ridhaa yake. Afisa utumishi aliridhia mbili za kwanza mara moja. Ya tatu aliiita masharti magumu. Waliishikilia, na kwa maoni yangu walikuwa sahihi kutosaini mpaka ilipoingia.